Gofu Arusha na Moshi: fimbo zinazokufaa na mkwaju unaoanzia kwenye mpira

Mchezaji wa ridhaa hupoteza mikwaju mingi kwa kosa moja: fimbo inagusa ardhi kabla ya mpira. Katika viwanja vya huku kosa hilo halisameheki. Kikuyu na ukoka ni nyasi zinazotambaa, zenye mashina magumu yaliyosukana. Fimbo ikiingia sentimita tatu nyuma ya mpira, nyasi zinaikamata shingo, uso unageuka, na mpira uliotakiwa kwenda mita 130 unaishia 40. Kwa hiyo kila ushauri hapa chini, uwe wa kununua au wa kufanya mazoezi, unapimwa kwa swali moja: je, unakusaidia kugusa mpira kwanza na ardhi baadaye?

Maelezo yote ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande.

Uwanja na hewa yake

Arusha Gymkhana na Moshi Club vina mashimo 9 kila kimoja, hivyo raundi ya mashimo 18 unazunguka mara mbili. Kili Golf, kule Usa River, ina mashimo 18 kamili. Arusha mjini iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko kati ya mita 800 na 900. Hewa ya mwinuko ni nyepesi, haiuzuii mpira sana. Kadirio linalotosha ni asilimia 1 ya umbali kwa kila mita 300 za mwinuko, yaani karibu asilimia 5 kwa Arusha na karibu 3 kwa Moshi. Mkwaju unaokwenda mita 130 hewani Dar es Salaam utakwenda kama 136 Arusha na 134 Moshi. Hewa hiyo hiyo nyepesi hupunguza nguvu ya mzunguko wa mpira: haupindi sana, hauinuki sana, na ukitua unabingirika zaidi. Anayetoka Arusha kwenda kushindana Dar akumbuke kuchukua fimbo ndefu zaidi kwa umbali ule ule, la sivyo siku nzima mpira utatua kabla ya kufika grini (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo).

Baridi hufanya kinyume. Asubuhi za Juni na Julai mpira huwa mgumu na mwili haujalegea, kwa hiyo ile faida ya mwinuko usiitegemee hadi jua litoke vizuri.

Fimbo saba zinatosha kuanzia

Kanuni zinaruhusu fimbo 14 kwenye mfuko. Anayeanza anahitaji nusu tu ya hizo, kwa sababu mtu ambaye bado hagusi mpira katikati ya uso hupata umbali uleule kwa aironi (fimbo za kichwa chembamba cha chuma) namba 5, 6 na 7. Seti tunayoipendekeza ni hii: wudi namba 5 (fimbo ndefu ya mipira ya mbali) yenye nyuzi 18, yaani kipimo cha uso ulivyolala, haibridi (kati ya wudi na aironi) ya nyuzi 22 hadi 24, aironi namba 6 na 8, weji ya kawaida (fimbo fupi ya mipira ya juu), weji ya mchanga ya nyuzi 54 hadi 56, na puta ya kusukumia mpira shimoni. Namba 7 na 9 ziongeze baadaye. Draiva, fimbo ya mikwaju mirefu kuliko yote, isubiri mpaka mpira wa wudi namba 5 uwe unakaa kwenye feawei (njia ya nyasi fupi) mara sita kati ya kumi.

Ukifika wakati wa draiva, tafuta yenye nyuzi 10.5 hadi 12. Wanaume wengi huona aibu kushika draiva ya nyuzi 12 wakati ndiyo inayowafaa. Uso ulionyooka sana huupa mpira mzunguko wa pembeni mwingi ukilinganisha na ule wa kuurudisha nyuma, na mpira unakwenda kulia porini. Wenye kasi ndogo, wakiwemo wanawake wengi na wazee, wasione haya kwenda hata nyuzi 13 au 14.

Kwa aironi, chagua zile zenye uwazi nyuma na soli (sehemu ya chini ya kichwa) pana. Uzito wake umepelekwa pembezoni, hivyo ukigusa mpira mbali kidogo na katikati, uso haugeuki sana. Soli pana nayo huteleza juu ya nyasi badala ya kuchimba. Aironi nyembamba zinazometa, zile za wachezaji wa kulipwa, zinapendeza mkononi, lakini kwenye kikuyu yenye umande zinazama hadi shingoni. Jambo jingine la kuangalia ni nyuzi zilizoandikwa, siyo namba. Weji ya kawaida ya seti mpya mara nyingi ina nyuzi 43 hadi 46, na ya zamani ilikuwa 47 au 48. Ukichanganya fimbo za seti mbili unaweza kubaki na pengo la nyuzi 10 kati ya weji na weji, na humo ndimo mkwaju wa mita 80 unapokukosesha raha. Pengo zuri ni nyuzi 4 hadi 6.

Weji ya mchanga ina kipimo kingine ambacho wengi hawakiulizi: baunsi, yaani jinsi soli ilivyotokeza chini ya ukingo wa mbele. Kwa nyasi nene na mchanga laini chukua baunsi ya nyuzi 10 hadi 14. Baunsi ya 4 hadi 8 ni ya ardhi ngumu na kavu. Ukinunua moja tu, nunua ya 10 au 12, maana kiangazi huisha lakini nyasi zinazotambaa zipo mwaka mzima.

Shafti na urefu

Shafti (mti wa fimbo) ngumu kuliko kasi ya swingi yako, yaani mzungusho wa kupiga, hutoa mpira wa chini unaokwenda kulia. Laini kupita kiasi hutoa mpira wa juu usiotabirika. Usikubali kuuziwa kwa kuangaliwa kifua. Pima kwa namba 7: piga mipira 15, tupa mitano iliyo mibaya zaidi, pima kwa hatua pale iliyobaki ilipotua (siyo iliposimama), kisha ondoa asilimia 5 kama uko Arusha. Ukipata chini ya mita 110, tumia shafti laini, ile inayoandikwa A au L. Mita 115 hadi 135, tumia R, ya kawaida. Ukizidi 140, jaribu S, iliyo ngumu. Ukiangukia katikati, chukua ile laini.

Chuma au grafaiti? Shafti ya chuma ya aironi huwa na gramu 95 hadi 130, ya grafaiti mara nyingi 50 hadi 80. Chuma humsaidia mwenye nguvu anayeharakisha, kwa sababu uzito unamtuliza. Mwenye maumivu ya kiwiko au mgongo achukue grafaiti bila kusita, kwa kuwa hupunguza mtikisiko unaopanda mikononi fimbo inapogonga ardhi ngumu ya Januari na Februari.

Kwa urefu, simama wima ukiwa na viatu vya kuchezea, mikono ikining'inia, na mtu apime kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Kati ya sentimita 86 na 94, urefu wa kawaida wa kiwandani unakutosha. Ukizidi au kupungua hapo, urefu urekebishwe kidogo kidogo, nusu inchi kwa nusu inchi.

Kisha angalia pembe ya kulala, yaani pembe kati ya shafti na ardhi. Bandika utepe wa gundi chini ya soli, weka ubao mgumu chini, piga mipira mitano juu ya ubao, halafu tazama alama zilikaa wapi. Zikiwa katikati ya soli, fimbo imekukaa. Zikiwa upande wa kisigino, fimbo imesimama mno na mpira utaelekea kushoto. Zikiwa upande wa ncha, imelala mno na mpira utaelekea kulia. Wachezaji kadhaa warefu hupambana na swingi kwa miezi wakati tatizo ni nyuzi 2 za pembe, kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye mashine ya kukunjia. Aironi za kufuliwa hukunjika vizuri. Nyingi za kumiminwa kwenye kalibu ni ngumu kukunja na zinaweza kupasuka shingoni, kwa hiyo uliza kwanza.

Ukinunua zilizotumika

Wengi huanzia hapa, kwa fimbo za mwanachama anayebadilisha seti au zilizoletwa na ndugu kutoka nje. Hakuna ubaya, ila kagua mchana, nje, siyo chini ya taa.

Biringisha kila shafti juu ya meza: iliyopinda itarukaruka. Pitisha ukucha kwenye shafti ya chuma kutoka juu hadi chini. Kutu ya juu juu inafutika, lakini ukucha ukinasa kwenye shimo la kutu, shafti hiyo itavunjika siku moja katikati ya swingi. Kwenye grafaiti tafuta mikwaruzo iliyofikia nyuzi za kaboni zenyewe, hasa pale fimbo inaposugua mdomo wa mfuko. Tikisa kichwa cha draiva karibu na sikio: sauti ya kokoto ni gundi iliyoachia ndani, na inaweza kuondolewa, lakini ufa kwenye paji au pale uso unapokutana na mwili hauponi. Mistari ya weji ipimwe kwa ukucha pia. Kama ukucha unapita bila kushikwa, mpira hautasimama kwenye grini.

Fimbo bandia zipo. Dalili zake ni maandishi ya rangi yaliyokaa upande, namba ya utambulisho iliyochapwa kwa wino badala ya kuchongwa, na vichwa vya seti moja ambavyo ukivipima kwenye mizani havipandi uzito kwa mpangilio. Katika seti halali, kichwa cha kila aironi fupi huwa kizito kuliko cha iliyoitangulia kwa takriban gramu 6 hadi 8.

Mpira, glavu na viatu

Kwa hendikapu (mikwaju ya ziada anayoruhusiwa mchezaji) ya juu ya 18, mpira wa tabaka mbili wenye ganda gumu unatosha. Unakwenda mbali, haupindi sana na hauchuniki haraka. Mpira wa ganda la yurethani husimama vizuri kwenye grini, lakini faida yake inaonekana tu pale unapogusa mpira kabla ya nyasi. Jambo kubwa zaidi ni kutumia aina moja tu kwa miezi kadhaa, kwa sababu kila aina hutoka tofauti kwenye puta, na mikono haiwezi kujifunza umbali wa vitu vitatu kwa pamoja. Mipira iliyookotwa mtoni ni ya mazoezi. Iliyokaa majini muda mrefu hupoteza umbali hata kama ganda linang'aa. Kiangazi, majani makavu yakijaa kwenye rafu (nyasi ndefu za pembeni), mpira wa njano huokoa muda, na muda wenyewe ni dakika 3 tu za kutafuta.

Glavu ikaushwe kivulini ikiwa imenyooshwa, siyo kutupwa mfukoni imelowa. Viatu viwe na vidato laini vinavyobadilishwa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo wa volkano hujaa katikati ya vidato na unaanza kuteleza kwenye tii (mahali pa kuanzia shimo) ya tatu. Beba tii ya mbao, kile kijiti cha kuwekea mpira, ya kuukwangua.

Gripu: badilisha mwenyewe

Gripu (mpira unaovikwa pale unaposhika fimbo) iliyokwisha ndiyo kitu kinachoharibu swingi kimyakimya kuliko vyote. Ikishaanza kung'aa, mikono inabana ili fimbo isichomoke, viganja vinakakamaa, mabega yanapanda, na fimbo inafika chini kabla ya mpira. Mtu anaenda kutafuta mwalimu wakati alihitaji gripu mpya. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kila baada ya wiki mbili. Zikikauka na bado zinateleza, zibadilishe.

Kwanza pata unene sahihi. Shika kwa mkono wa kushoto: ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kidogo tu nyama ya chini ya dole gumba. Zikichimba kiganja, gripu ni nyembamba na mpira utaelekea kushoto. Ukibaki na uwazi, ni nene na uso utachelewa kujifunga. Ndani ya mdomo wa gripu kuna alama, 58 au 60. Ioanishe na shafti yako, la sivyo itakuwa nene au nyembamba kuliko ulivyokusudia.

1. Kata gripu ya zamani kwa kisu chenye ncha ya ndoano, ukivuta kuelekea nje, mbali na mwili. Kisu cha kawaida kwenye grafaiti hukata nyuzi za shafti, na shafti hiyo imekwisha.
2. Bandua utepe wa zamani wote. Ukikataa, uache juani kwa dakika 20, kisha ukwangue kwa plastiki na ufute kwa waiti spiriti, ile inayouzwa maduka ya rangi.
3. Bandika utepe wenye gundi pande mbili, upana wa sentimita 5, kwa kuulaza kwa urefu wa shafti. Urefu uwe pungufu kidogo ya gripu. Acha sentimita 2 zizidi juu, zikunjie ndani ya tundu la shafti. Ukitaka gripu nene zaidi, zungusha tabaka la pili.
4. Ziba tundu dogo la juu ya gripu kwa tii. Mimina waiti spiriti ndani, kama vijiko vitatu vikubwa, ziba mdomo kwa dole gumba na utikise. Kisha imwagie yote juu ya utepe, hadi kila sehemu iloe.
5. Ingiza gripu kwa msukumo mmoja usiosimama. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanasita katikati, gundi inashika, na gripu inakaa imevutika upande mmoja. Ikikwama, usivute kwa nguvu, ongeza kimiminika kwa juu.
6. Una dakika moja hivi ya kuinyoosha. Weka fimbo chini kama unayetaka kupiga, uso ukiangalia mbele, uhakikishe alama za gripu zimenyooka. Iache hadi kesho.

Fanya kazi hii nje, mbali na jiko na sigara. Petroli isitumike. Inakauka haraka kweli, lakini mvuke wake ni hatari.

Mkwaju: mstari wa chaki

Ukiwa na fimbo zinazokukaa, zoezi moja litakupa zaidi ya mengine yote. Chora mstari wa chaki au unga wa muhogo kwenye nyasi fupi, urefu wa mita moja na nusu, ukielekea kutoka miguuni mwako kwenda mbele yako. Simama mstari ukiwa pale mpira wa namba 8 ungekaa, yaani upana wa mpira mmoja kutoka katikati ya miguu, upande wa shimo. Piga bila mpira, ukisogea hatua ndogo kufuata mstari kila mara, mara kumi. Sasa tazama makovu. Yanatakiwa yaanzie kwenye mstari au mbele yake, upande wa shimo. Yote yakiwa nyuma, usianze kupiga mipira kwanza, maana utakuwa unaifundisha mikono kosa.

Makovu ya nyuma yana sababu tatu za kawaida. Ya kwanza, uzito umebaki mguu wa kulia. Anza na asilimia 60 mguu wa kushoto tangu unaposimama, na umalize kisigino cha kulia kikiwa hewani, kifungo cha suruali kikiangalia shimo. Ya pili, kifundo cha mkono wa kulia kinafunguka mapema ili "kuuinua" mpira. Uinuaji ni kazi ya nyuzi za fimbo, wala siyo yako. Ya tatu, magoti na kiuno vinanyooka katikati ya swingi, mwili unapanda na mikono inarefuka kufidia. Muombe kedi (mbeba fimbo) au mwenzako aweke kiganja nyuma ya makalio yako, bila kugusa, wakati unapiga taratibu bila mpira. Makalio yasikikimbie kiganja hicho mpaka mpira utakuwa umekwenda.

Makovu yakishahamia mbele, weka taulo iliyokunjwa sentimita 15 nyuma ya mpira na upige bila kuigusa. Kwa nusu swingi kwanza, mikono ikifika kiunoni tu. Mipira 20 ya namna hiyo ina maana kuliko kapu zima la draiva.

Kushika: gripu ipite kwenye mizizi ya vidole vya kushoto, siyo katikati ya kiganja. Ukiangalia chini uone vifundo viwili hadi vitatu vya mkono wa kushoto. Wanaopeleka mpira kulia kila siku karibu wote wanaona kimoja tu. Nguvu ya kushika, kwa kipimo cha 1 hadi 10, iwe 4. Kwenye rafu nene, vidole vitatu vya mwisho vya kushoto vipande hadi 6.

Mpira wa draiva unaopinda kulia una chanzo kikuu kimoja: uso uko wazi kuliko njia fimbo inayopita. Kabla ya kubadili chochote, nyunyiza poda ya miguu kwenye uso wa draiva na upige mipira mitano. Alama karibu na kisigino huongeza kupinda kulia hata kama swingi ni nzuri, na dawa yake ni kusimama mbali kidogo na mpira. Alama zikiwa katikati na bado unapinda, rudi kwenye vifundo vya mkono.

Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alichambua idadi kubwa sana ya mikwaju ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa. Alionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji mzuri na wa kawaida inatokana na mikwaju ya zaidi ya mita 90, na mchezo mfupi na puta vinachukua theluthi iliyobaki. Kwa hiyo ule usemi wa klabuni kwamba puta ndiyo kila kitu usikuchukulie muda wako wote wa mazoezi.

Rafu, ukingo wa grini na banka

Kwenye kikuyu ndefu, acha wudi mfukoni. Chukua namba 8 au weji, mpira usogee nyuma kidogo, uso ufunguliwe kidogo kwa kuwa nyasi zitaufunga, na ushuke kwa wima zaidi. Lengo ni kurudi kwenye feawei.

Mbele ya grini, nyasi zinazotambaa huufunga breki mpira unaotua juu yake. Mkwaju wa chini wa kubingirisha unaofaa viwanja vikavu vya Ulaya hapa hufia njiani. Chagua pa kutulia mita moja ndani ya grini, kisha chagua fimbo itakayofanya yaliyobaki: weji ya mchanga hubingirika karibu sawa na ilivyoruka, namba 9 kama mara mbili, namba 7 kama mara tatu au nne. Baada ya mvua punguza makadirio hayo. Weka uzito kushoto na uuache huko hadi mwisho.

Kwenye banka (shimo la mchanga) kanuni ya mpira kwanza inageuka: ingia sentimita 5 nyuma ya mpira, uso ukiwa wazi, na usisimamishe fimbo ndani ya mchanga. Mchanga uliolowa na kushikana ni habari nyingine: baunsi itaruka juu yake na ukingo utakata mpira katikati. Hapo usifungue uso, na upunguze nguvu, maana mpira utatoka kwa kasi.

Puta na mlima

Puta ya sentimita 84 hadi 89 inawafaa wengi. Simama kama unayetaka kusukuma, shika mpira kwenye mzizi wa pua, uachie. Uangukie juu ya mpira ulio chini au karibu kidogo zaidi na miguu yako. Ukiangukia ng'ambo ya mpira, puta ni fupi au umeinama mno.

Kabla ya kusoma mteremko, jua mlima uko wapi. Arusha ardhi inashuka kusini kutoka Meru, Moshi inashuka kusini kutoka Kilimanjaro. Jicho likizoea mteremko huo mkubwa huona grini iliyoinama kuwa tambarare, na ndiyo maana mpira unaoonekana hauna kona huondoka mlimani. Ukiwa na shaka, uamini mlima. Kisha soma uelekeo wa majani: yakimeta, yamelala kuelekea mbele na mpira utakwenda kasi, yakiwa ya kijani kizito, yamekuelekea wewe na utachelewa. Chungulia mdomo wa shimo. Upande uliochakaa na kukauka ndiko majani yanakolala. Msikilize kedi hapa. Aliyekulia kwenye uwanja huo anajua grini ya nne inakwenda wapi saa kumi jioni.

Wachezaji wa kulipwa wa Marekani huingiza takriban nusu tu ya puti (mikwaju ya puta) za mita 2.4. Kwa hiyo zako za mita 3 zisikuvunje moyo. Fanya mazoezi ya mita 1 (kupitia geti la tii mbili zilizo pana kidogo kuliko kichwa cha puta) na ya mita 9 hadi 12, ambako lengo ni mpira kusimama ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka shimoni.

Saa moja ya mazoezi

Dakika 10 mstari wa chaki bila mpira. Dakika 20 aironi na taulo, mipira isizidi 30, kila mmoja ukiwa na shabaha yake. Dakika 10 wudi au draiva kwa poda. Dakika 10 kuzunguka grini, ukibadilisha mahali kila baada ya mipira mitatu. Dakika 10 za mwisho puta. Mara mbili kwa wiki inatosha. Saa nzima ya draiva siku ya Jumamosi asubuhi inachosha mgongo na haishushi mikwaju.

Andika kadi yako ya matokeo tangu mwanzo, hata kama ni mbaya. Kwa Mfumo wa Dunia wa Hendikapu unaotumika tangu 2020, kiwango cha juu ni 54.0 kwa wanaume na wanawake, na kadi zenye jumla ya mashimo 54 zinatosha kupewa hendikapu ya kwanza. Mashimo 9 yanahesabika, jambo linalowafaa sana wa Gymkhana na Moshi Club. Nyuma ya kadi weka alama tatu kwa kila shimo: je, mpira wa kwanza ulikaa mchezoni, aironi ilianzia kwenye mpira au ardhini, na puti zilikuwa ngapi. Kadi tano za namna hiyo mpelekee mwalimu kabla hajakuona ukipiga hata mpira mmoja, naye atajua aanzie wapi.